Bongo za Mbuzi Zilizoishika Sumu ya Kipindupindu

“Sita tena?” Latif, muuza nyama wa mtaa wa Park Circus, aliuliza huku akifunga bongo za mbuzi kwenye gazeti. “Ama kweli huko maabara akili zimewaishia.”

“Ungekuwa na za ziada wewe, kaka, nisingenunua za mbuzi,” Shefali Hazra akamjibu, akaondoka mbio kuwahi tramu.

Kwa miaka kumi na mmoja Shefali alikuwa akifunga tumbo za sungura kwa uzi katika maabara moja ya Kolkata. Humpa mnyama dawa ya usingizi, akafunga kipande cha utumbo huku na huku, akadunga ndani sumu ya kipindupindu. Kesho yake kipande kile huwa kimejaa maji, kimetuna kama kiriba.

Daktari Bagchi, mkuu wake, alikuwa na dhana. Sumu ile, alisema, haimwagi maji mpaka ishike kwanza. Kwenye ngozi ya kila seli ya utumbo kuna mafuta, na juu ya mafuta imesimama sukari mfano wa kitasa cha mlango. Hapo ndipo sumu inaposhika. Na ubongo umejaa mafuta ya namna hiyo. Je, sumu ikikutana nayo kabla ya kufika utumboni, si itashika hapo na kuuacha utumbo?

Wakayachuja mafuta ya bongo, wakayachanganya na sumu. Asubuhi Shefali akamfungua sungura. Kipande chenye sumu tupu kilikuwa kimetuna. Chenye mchanganyiko kilikuwa kimesinyaa kama utepe.

“Hiki ulisahau kukidunga, dada,” Daktari akasema.

“Sikusahau. Kama huniamini, dunga mwenyewe, mimi nifunge tu.”

Akadunga mwenyewe, sungura wanne. Kesho yake hakuna aliyekunywa chai. Wa kwanza, vilevile. Wa pili, vilevile. Kufika wa nne, Daktari alikuwa amekaa sakafuni anacheka, na Shefali akicheka machozi yakimtoka, mkasi bado mkononi.

Jioni, kwenye foleni ya bomba la mtaa, aliwasimulia majirani mpaka ndoo yake ikafurika.

“Kwa hiyo dawa mmepata?” mama mmoja akauliza.

“Bado, shangazi. Lakini mwizi tumeshamjua anashika kitasa gani.”