Nilivyowaeleza wakwe habari za gene drive, posa ikataka kufa

Wakuu, salamu kutoka Ngara mjini, huku kilimani kwenye baridi. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na baba yangu mdogo yupo hai, ni shahidi.

Nilipeleka posa kwa Wasukuma waliohamia Biharamulo. Ukitoka Nyakanazi ni bodaboda na vumbi tu. Mshenga alikuwa baba mdogo. Mnajua mila, muoaji unakaa kimya, mshenga ndiye anaongea.

Tumefika kwenye mahari, panya akakatiza katikati ya kikao. Mnene, wala hana haraka.

Baba mkwe akalalamika: "Hawa wamenimalizia mahindi. Sumu wanakula, wananenepa."

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba binti yake anaolewa na msomi. Nina duka la pembejeo, ila mtandaoni nasoma sana.

Nikaeleza gene drive. Wanasayansi wanabadilisha vinasaba vya panya, azae madume tu, na hao madume nao wazae madume tu. Majike wakiisha, ukoo kwisha! Bado wanajaribu maabara, wanaolengwa ni panya walioingia visiwani na meli wakamaliza mayai ya ndege.

Baba mdogo ananikanyaga mguu, mimi ndio kwanza nanoga.

Mzee akauliza: "Wee kijana, kwenu mko wangapi?"

"Saba, baba."

"Wasichana?"

Wakuu, jasho. Kwetu Nyamiaga tumezaliwa madume saba.

"Hakuna, baba."

"Na huyu baba yako mdogo, ana dada?"

Baba mdogo akatikisa kichwa.

Mzee akasema: "Kumbe dawa ya panya mmeianzia kwenu! Ukoo huu unaisha. Ngoja kwanza nifikirie."

Nilimpenda yule binti, nilitaka kulia mbele za watu.

Akaniokoa mwenyewe. Huyo binti, Kabula, alikuwa anatunawisha mikono tule, akapiga goti: "Baba, na wewe umezaa wasichana watupu. Ukoo wetu si unaisha pia? Tuchanganye, tutajaa kama hao panya wako."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Posa ikapita.

Funzo: ukweni sayansi iache getini, hasa ukiwa na mshenga.

Mwaka jana Kabula kajifungua mapacha, wavulana. Nikampigia mzee kwa furaha. Hakunipa hongera. Alisema tu, "Mkwe, imeanza."

Sasa ana mimba nyingine, na mzee amesema safari hii anakuja kuangalia mwenyewe.

Mliozaliwa wavulana watupu mkapata binti, shukeni hapa na ushuhuda, nimsomee.