Kutoka Joubert Park hadi Mayfair Kutafuta Gongo la Mashoto

Nilitoka nyumbani na hasira, nalisema mapema. Ijumaa kocha wa hoki alimtoa mwanangu Rukia uwanjani mbele ya wenzake, kisa ni mashoto. "Magongo ya mashoto hakuna. Jumatatu nachagua timu, usije na mikono hiyo." Mtoto wa miaka kumi! Alilia mpaka akalala bila kula. Nikaapa: gongo la mashoto nitalipata humuhumu Johannesburg, hata kama ni la kuchonga mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi tuliteremka ghorofa letu la Joubert Park, tukapita nyuma ya stesheni, tukashika njia ya Fordsburg kwa miguu. Nyie ndugu zangu wa Tanga mkiona hapa ninavyotembea mtadhani nimeibiwa.

"Mama, eish, polepole!"

"Polepole ndiyo imekutoa kwenye timu."

Fordsburg, duka la kwanza. Muuzaji alicheka. "Dada, halipo."

"Limeisha?"

"Halijapata kutengenezwa. Gongo lina uso mmoja bapa, ule wa kushoto. Ndiyo sheria, dunia nzima."

Duka la pili, maneno yaleyale. Nikachanganyikiwa. Saluni ninapofanya kazi mkasi wa mashoto upo, nimeushika. Gongo ndilo likose? Nikaona wananifanyia mzaha kwa sababu ya ushungi na lafudhi yangu. Duka la tatu nilifoka mpaka wateja wakageuka. Mwenye duka akanionyesha picha ukutani: kijana mwenye kilemba, medali shingoni, gongo mkononi.

"Huyo baba yangu, Mzee Nihal. Alichezea India, na ni mashoto kama mwanao. Yuko nyumbani Mayfair. Mfokee yeye."

Mashoto aliyechezea India! Kwa gongo gani, kama halipo?

Tulifika Mayfair adhana ya adhuhuri ikilia. Mzee alifungua mlango mwenyewe, goti moja gumu. Aliwahi kufundisha hoki Nairobi miaka mingi, Kiswahili kikamganda.

"Karibu, mama. Nani amekukasirisha?"

"Kocha, maduka, na wewe pia ukicheka."

Hakucheka. Alituwekea chai, akasimulia. Alikulia kando ya reli, Punjabi, akipiga mipira ya matambara kwa tawi la mforosadi. Shirika la reli likamwajiri kwa ajili ya hoki tu: asubuhi anatoboa tiketi, jioni anacheza. Kutoka hapo, timu ya taifa, Olimpiki, medali. Mabeki walikuwa wakiufuata mpira, wakifika haupo. Halafu goti likavunjika, akawa mwalimu.

"Na gongo lako la mashoto ulilitoa wapi?"

"Sikuwa nalo." Akamwita Rukia, akampa gongo lake kuukuu na mpira. "Mkono wa kushoto juu kabisa, si chini. Kulia chini, ulegee. Sasa geuza."

Rukia akageuza. Mpira ukaenda huku, ukarudi huku, ukaenda tena. Kikombe nilikisahau mkononi.

"Hoki ni mchezo wa mkono wa kushoto," mzee alisema. "Huo ndio unaogeuza gongo. Wa kulia ni mgeni tu. Wenzangu walijifunza miaka, mimi nilizaliwa nao. Ingawa mama yangu aliufunga kwa mtandio kila tukikaa kula."

Rukia akaniangalia. "Kama wewe, Mama."

Kweli. Kila wakati wa chakula mimi huufunga mkono wake wa kushoto kwa ncha ya kanga, ale kwa kulia kama watu. Ndivyo nilivyolelewa.

"Alinipenda sana," mzee akaongeza. "Mkali, kama wewe."

Saa kumi tulirudi tulikotoka, Rukia na gongo la mzee begani. Hasira sikujua niiweke wapi. Kocha alisema kweli kuhusu gongo, akakosea kuhusu mtoto. Na mimi je? Kocha alimfukuza siku moja. Mimi nimemfunga miaka.

Jumatatu nilisimama kando ya uwanja. Rukia alipangwa kiungo.

"Amefundishwa na nani?" kocha akauliza.

"Na mkono ulioufukuza."

Jioni Rukia alikula ubwabwa kwa kulia, nilivyomfundisha. Wa kushoto ulikaa huru juu ya paja lake, ukigeuzageuza gongo lisiloonekana. Kanga yangu ilibaki kiunoni.