Pini Midomoni mwa Radi

Jumatatu asubuhi sauti yake ilifika kabla yake. Wauzaji watatu waliokaa juu ya maboksi, katika chumba cha nyuma ya duka la vyerehani, waliisikia tangu barazani ikimuuliza mlinzi ni nani aliyeegesha mkokoteni mbele ya kioo. Kibonge akameza kipande cha mkate bila kukitafuna.

"Radi hiyo," akanong'ona. "Asisimame mtu chini ya mti."

Jina hilo walimbandika wao msimamizi wao, mwanamke wa sauti kubwa, naye alilijua, wala halikumuudhi. Kilichomuudhi kilikuwa ubao. Ulining'inia ukutani karibu na feni isiyozunguka, umeandikwa majina ya wauzaji na mashine walizouza mwezi ule. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemla kuku wake.

"Hivi nyinyi mnauza vyerehani au mnavitembeza vipunge upepo?" akauliza. "Mji mzima watu wamevaa nguo. Nani anawashonea? Malaika?"

Shemeji, aliyeitwa hivyo na kila mtu kwa kuwa alimwoa dada wa mlinzi, akaanza kucheka. Alipouona uso wa Radi akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Wa tatu hakucheka wala hakukohoa. Alikuwa mwanamume mrefu, baba wa watoto, na walimwita Taratibu kwa sababu maneno yake yalitoka kama maji ya mtungi uliopasuka: tone, halafu tone. Ubaoni, mbele ya jina lake, palikuwa peupe.

Ijumaa iliyopita bosi alimwita Radi ofisini, akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "Huyo Taratibu, mwisho wa mwezi mwambie kwaheri. Ukiona aibu, nitamwambia mimi." Radi alitoka humo damu inamchemka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa Taratibu kwenye kazi ya ukarani wa ghala, kazi isiyo na raha lakini yenye hakika, akamwahidi, "Njoo kwangu, nitakufundisha kuuza." Mtu aliacha mkate wake kwa ajili ya neno lake. Sasa neno hilo lilikuwa linamdai.

Kuuza Radi alikujua. Zamani alikuwa fundi wa kushona, na siku alipokuja dukani kununua cherehani chake mwenyewe alimshawishi mteja mwingine anunue wakati yeye anasubiri risiti. Bosi wa wakati ule akamwajiri papo hapo. Aliuza miaka na miaka, kwa mafundi wa magauni, kwa washona sare, hata kwa mwanamke mmoja aliyeingia dukani kuuliza njia tu. Kisha wakamfanya msimamizi. Wakampa meza, kiti cha kuzunguka, na watu wa kuwasimamia, wakamwambia, "Wafundishe wauze kama wewe." Namna ya kufundisha hakuna aliyempa. Alichopewa ni hasira, na hiyo alijipa mwenyewe.

"Taratibu, chukua mashine ya maonyesho," alisema. "Leo nakwenda na wewe."

Walikwenda kwa mshona sare, mama mmoja aliyekodi chumba kirefu kando ya barabara, vitambaa vya bluu vimerundikwa mpaka darini. Taratibu akasalimia, akaweka mashine mezani, akamuuliza, "Dada, hizi ulizonazo… zinakusumbua wapi hasa?"

Mama akafikiri. Kimya kikapita chumbani, kirefu kama foleni ya hospitali. Radi alikisikia kikimtambaa mgongoni. Alihesabu moyoni, akakanyaga mguu wake mwenyewe, mwisho akashindwa.

"Mama, nakuonyesha kitu kimoja tu!" Akamsogeza Taratibu kwa kiwiko, akakaa kitini, akakunja kitambaa mara nne na kukipitisha chini ya sindano huku akizungumza. Uzi ulikwenda, maneno yakaenda, na kabla mashine haijapoa mama alikuwa ameshakubali. Akaichukua namba ya Radi ili ampigie akipata tatizo. Ya Taratibu hakuiomba.

Nje, Radi alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mbio. "Umeona? Ndiyo hivyo! Ni kumshika mteja, usimwachie apumue."

"Nimeona," alisema Taratibu.

"Basi hiyo naiandika kwa jina lako."

"Usiandike."

Radi akasimama. "Hata hii unakataa?"

"Nasema usiandike, dada. Sijauza mimi." Alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza Radi aliona kwamba hata mtu wa taratibu ana ghadhabu, nayo pia hutoka tone kwa tone. "Kila siku unakuja. Kila siku unanichukulia mteja mdomoni, kama mtu anayemlisha mtoto halafu anakula yeye. Ukishaondoka… sina mteja, sina maneno. Halafu Jumatatu unanisomea ubao mbele ya wenzangu."

"Nakuokoa kazi yako, wewe!"

"Unaniokoa, au huwezi kukaa kimya?"

Radi alimtupia maneno mengi pale barabarani, mengine hayafai kuandikwa. Muuza maji akaacha kuuza ili asikilize. Taratibu aliinama, akajitwika mashine begani, akaenda zake.

Jioni Radi alifika nyumbani bado anafoka. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye ulimi kama wembe, alikuwa chumbani anapinda pindo la sketi ya mjukuu.

"Eti siwezi kukaa kimya! Mimi!"

"Hm," mama akaitikia.

"Mtu namfundisha kwa moyo mmoja! Mama, wewe ulipokuwa unanifundisha kushona, mbona hukuwahi kunifokea? Nilikuharibia vitambaa vingapi? Ulikuwa na subira ya wapi?"

Mama alitoa pini midomoni, moja baada ya moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Subira gani, mwanangu? Nilikuwa nataka kukuchapa. Ulinikatia gauni la bibi harusi mkono mmoja mfupi, mmoja mrefu. Lakini ningefoka vipi na pini mdomoni? Ningezimeza nife, wewe ubaki na cherehani changu." Akazirudisha pini midomoni, akaendelea na pindo. Alipoona binti yake amesimama anamkodolea macho, akamfukuza kwa mkono: usinizibie taa.

Mteja aliyefuata wa Taratibu alikuwa mshona mapazia. Kila muuzaji wa mjini alimwogopa. Aliwahi kumfukuza Shemeji kwa rula ya mbao. Radi alikwenda, lakini mlangoni akamwambia Taratibu, "Mteja ni wako. Mimi nimekuja kukaa." Mle ndani msichana msaidizi alikuwa anapambana na pazia zito la hoteli. Radi akapiga magoti kando yake, akachukua pini kwenye sahani, akazibana midomoni kama mama yake, akaanza kumsaidia kupanga marinda.

"Nyinyi wa duka lile mmerudi tena?" mshona mapazia alianza. "Mashine zenu zikiona kitambaa kizito zinalia kama mbuzi."

"Kizito kama hiki?" Taratibu aliuliza.

"Kizito kama kichwa chako! Na ikiharibika nani anakuja kuitengeneza? Mwaka juzi nilinunua kwa wenzenu, fundi wao mpaka leo yuko njiani."

Hapo lilikuwepo jibu. Duka lilikuwa na fundi wa kuzunguka, na angefika kesho yake asubuhi. Radi alilijua jibu hilo, lilimpanda kifuani likagonga meno. Taratibu badala yake akataja bei.

Bei! Mtu kakuuliza daktari, wewe unamtajia bei ya jeneza! Radi aliguna, pini zikamchoma mdomo wa chini, akaonja damu. Msichana akamtazama kwa hofu. Aliendelea kupanga marinda, macho yamemtoka, mpaka mshona mapazia akasema, "Nitafikiria," maneno ambayo kila muuzaji anajua maana yake.

Walipotoka Radi alizitema pini kiganjani. Alikuwa na hotuba tayari, ndefu, yenye matusi mawili mazuri. Akamtazama Taratibu, ambaye mabega yake yalikuwa yameanguka.

"Alikuponyoka wapi?" aliuliza. Maneno hayo machache yalimgharimu kuliko mauzo ya mwezi.

Taratibu alifikiri. Wakapita duka la viatu. Wakapita kinyozi. Radi aliuma ulimi kwa kuwa pini hazikuwepo tena.

"Alipouliza fundi," alisema mwishowe. "Yeye anaogopa kuachwa na mashine mbovu. Mimi nikadhani anaogopa bei… kwa sababu mimi ndiye ninayeogopa bei."

"Sasa?"

"Sasa kesho narudi na fundi wetu. Sitauza. Nitamwambia fundi aangalie zile zake za zamani zinazolia."

Radi hakupenda. Yeye angerudi dakika ile ile. Lakini alisema, "Haya," akakunja ngumi ndani ya mfuko.

Taratibu alirudi na fundi, akarudi tena peke yake, na kabla ya mwisho wa mwezi mshona mapazia alinunua mashine, akitukana mpaka anatia sahihi. Mbele ya jina la Taratibu ubaoni pakaandikwa moja.

"Moja," bosi alisema siku ya mwisho. "Kibonge ana nane, Shemeji ana sita. Moja ni sifuri iliyosimama wima. Aende."

"Haendi."

"Radi, tusianze."

"Tumeshaanza!" Alipiga meza, kalamu zikaruka. "Hizo nane za Kibonge unazozisifu, nimeziuza mimi. Za Shemeji, mimi. Nilikuwa nakwenda nao, nawanyang'anya wateja, kisha naandika majina yao. Ubaoni kuna mashine moja tu iliyouzwa na mtu niliyemfundisha, naye ndiye unayetaka kumfukuza. Ukitaka kumfukuza asiyejua kazi yake, huyu hapa, amekaa mbele yako!"

Bosi aliweka simu chini. Ilikuwa nadra. "Kwa hiyo umekuwa unanidanganya."

"Wewe ulitaka namba, nikakupa namba. Ulinipa watu, ukanipa na kiti. Uliwahi kuniuliza kama najua kufundisha?"

Walipigizana kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mwisho bosi, amefura kama chura, akatoa sharti. Taratibu abaki mpaka mwisho wa mwezi ujao. Lakini Radi asiuze. Mashine moja ikiuzwa kwa mdomo wake, mteja wa nani, wa wapi, hata mama yake mzazi, Taratibu anaondoka siku hiyo. Na kamisheni ya Radi asahau.

"Haya," alisema Radi, akaubamiza mlango.

Katika chumba cha nyuma aliwaeleza wote, bila kupaka rangi. Kibonge ndiye aliyepandwa na hasira kwanza. "Kwa hiyo umetuvua nguo kwa bosi? Sasa mimi nitaonekana nini?"

"Utaonekana mtu wa sifuri, kwa sababu ndivyo nilivyokufanya. Kasirika. Kasirika vizuri, halafu uniambie mteja gani tunaanza naye. Wewe utaongea."

Kibonge akavuta daftari lake la wateja, bado amenuna.

Radi alimgeukia Taratibu. Labda alitarajia asante. Binadamu ni binadamu. Taratibu alikuwa anafuta vumbi kwenye mashine ya maonyesho kwa kitambaa laini.

"Nina mshona magauni mtaa wa pili," alisema. "Kesho."

"Saa ngapi tunakwenda?"

"Nakwenda peke yangu, dada."

Uso wa Radi ukaiva. Maneno yakapanda yote kwa pamoja: kazi yake aliyoiweka rehani, kamisheni, kelele za bosi. Mdomo wa chini, ulipochomwa na pini, bado ulikuwa unauma.

"Nenda," alisema. "Nenda, bwana! Nani amekushika?"

Akaketi juu ya boksi karibu na Kibonge, mikono ameifumbata kifuani, anapumua kwa pua. "Haya," akamwambia. "Mteja wako anasumbuliwa na nini? Polepole. Nakusikiliza."