Jina Lililobaki Makwale

Pale Makwale, wanawake wakitaka kumwonyesha binti namna mkamwana anavyopaswa kuwa, wanamwonyesha Yunis. Ameolewa na Ambwene miaka ishirini na miwili, na jina la baba mkwe wake halijawahi kutoka kinywani mwake. Ni desturi ya zamani ya Kinyakyusa: mwanamke halitaji jina la baba wa mumewe, na akikutana naye njiani anampisha. Wengi wameiacha. Yunis hakuiacha na, tuseme ukweli, sifa zilimnogea.

Baba mkwe mwenyewe ni Hezroni, mwalimu mstaafu ambaye macho yake sasa yameingia ukungu. Mkewe alishafariki. Ambwene yuko machimboni Chunya, na watoto, Gwamaka na Asifiwe, wako shule za bweni. Nyumbani wamebaki wawili tu, mzee na nyumba yake, mkamwana na ya kwake, na katikati uwanja wa kuanikia kakao. Yunis ndiye anayelima mpunga, anayevunja kakao, anayepika na kumchemshia mzee maji ya kuoga. Mzee kazi yake redio.

Redio ndiyo iliyoleta balaa. Desemba ile ilitangaza kwamba kuna chombo kitarushwa angani kwenda kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, safari ya miaka kadhaa, na kwamba mtu yeyote duniani anaweza kupeleka jina lake bure na kupata cheti cha kumbukumbu. Majina yangechorwa kwenye kibati kidogo sana na kufungwa ndani ya chombo. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa mwisho wa mwezi. Mzee alichangamka kama mtoto aliyeahidiwa nguo za Krismasi.

"Mama Gwamaka, kesho si unakwenda sokoni Kyela? Pita kwa yule binti wa kompyuta kule Bondeni. Aandike Ambwene, Gwamaka, Asifiwe, na mimi. Usisahau, mama. Nimefundisha sayari miaka thelathini na tano, na mwenyewe sijafika hata Dar es Salaam."

Yunis alisubiri aongeze jina moja. Hakuongeza.

"Ndiyo, tata," akajibu, maana yeye humwita baba tu.

Njiani, juu ya bodaboda na mikungu yake miwili ya ndizi, aliwahesabu tena. Watu wanne, na anayewapikia wote hayumo! Alipofika Bondeni donge lilikuwa limeshakomaa.

Nancy, binti wa kuchapa na kutoa kopi, aliandika Ambwene, akaandika Gwamaka, akaandika Asifiwe. "Mwingine, mama?"

"Yunis," akasema Yunis.

"Huyo ni wewe. Kuna mwingine?"

Hapo ndipo. Kulitaja jina la mzee asingeweza, hilo tumkubalie. Lakini kalamu ya Nancy ilikuwa juu ya meza, na Yunis amemaliza darasa la saba, mwandiko wake mzuri tu. Aliitazama kalamu.

"Hapana. Basi."

Jioni mzee aliulizia cheti chake cha kumbukumbu. Yunis akampa kile chenye jina Yunis. Mzee akakipapasa kwa kidole gumba, akakitia kwenye nailoni, akakihifadhi ndani ya Biblia na kupiga marufuku mtu kukigusa. "Ndaga, mwanangu," akashukuru. "Ndaga fijo."

Hasira ya Yunis ilikwisha siku ile ile, na mwezi ukaisha bila yeye kurudi Bondeni. Alijiambia atakwenda kesho, kisha mvua, kisha palizi. Baadaye hakukuwa na pa kwenda. Mzee alimsimulia kila mpita njia kuhusu safari ya jina lake, na kila aliposimulia, Yunis alitafuta kazi nyuma ya nyumba. Alianza kumnunulia mbasa wakubwa kutoka ziwani na kumwachia minofu yote. Watu wakazidi kumsifu. Sifa zile sasa zilimchoma. Nani angewaambia kwamba wanamsifu mwizi?

Oktoba, siku ya Jumatatu, redio ikasema chombo kimeruka. Mwinjilisti Ezekiel alikuja Jumamosi kumpongeza mzee. Akaomba Jumapili asimame mbele na cheti chake, kisomwe washarika wote wasikie.

Yunis hakuwa na ujanja tena. Ezekiel alipoondoka, Yunis alimkuta mzee uwanjani, akigeuza kakao kwa mkono. Akapiga magoti pembeni ya mkeka.

"Tata, cheti kile si chako. Ni changu. Jina lako sikulipeleka."

Mkono wa mzee ukasimama. "Ulishindwa kulitaja?"

Uongo ulikuwa umeshaletwa hadi mlangoni, wa kuupokea tu. "Hapana, tata. Ningeweza kuliandika. Niliona uchungu. Hukunitaja."

Kuku wakaanza kudonoa kakao, na mzee hakuwafukuza. "Ni kweli," akasema hatimaye. "Sikukutaja." Kisha akaomba aongozwe ndani.

Jumapili alisimama mbele, akakitoa cheti, akampa mwinjilisti. "Kabla hujasoma," akasema kwa sauti yake ya darasani, "jina langu halimo. Nilipowataja watu wa nyumbani nilijisahau mwenyewe. Uzee! Aliyekwenda ni mkamwana wangu. Msomeni yeye."

Kanisa likacheka kwa upendo, kisha likapiga makofi. Nje wanawake walimzunguka Yunis. "Umetutoa kimasomaso, mama!" Aliitikia akitazama chini. Afadhali mzee angemtukana mbele ya wote.

Wakarudi nyumbani, Yunis mbele ameshika ncha moja ya fimbo, mzee nyuma ameshika nyingine, maana kushikana mikono hakuruhusiwi. Mzee alikuwa mchangamfu, akifundisha.

"Tangu Jumatatu ni siku sita. Limeshaupita mwezi wetu, Mama Gwamaka. Huko liendako jina lako ni barafu tupu, na jua linaonekana dogo sana. Unanisikia?"

"Nasikia, tata," akasema Yunis, machozi yakimdondokea kifuani, akimshukuru Mungu kwamba mzee haoni.