Jaketi Moja la Mtoto

Leo nilipokuwa nikizibua mtaro nyuma ya nyumba, harufu ya magugu ya maji ilinirudisha ziwani, pale baba alipokuwa akitunza mashua za mzungu mmoja. Kulikuwa na kibao kilichoonya kwamba mtoto asipande bila jaketi la kuelea, na kwamba kila mashua itolewe magugu kabla ya kupelekwa ziwa lingine, yasije yakaenea huko.

Jaketi la mtoto lilikuwa moja tu. Siku moja baba alimvalisha dada yangu, akamfunga kamba kifuani taratibu, akampandisha mashuani.

"Na mimi, baba?"

"Wewe toa magugu kwenye ile mashua nyingine. Usiache hata jani."

Niliyabandua, vidole vikinuka matope, huku nikiwasikia wakicheka mbali, nyuma ya mafunjo. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akicheka hivyo na mimi.

Jioni mama aliniuliza, "Na wewe ulifanya nini?"

"Nilitoa magugu yote."

"Kazi nzuri," baba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Kisha akamgeukia dada, akamwomba asimulie tena habari za viboko waliowaona ziwani, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwa mashuani.