Kidole cha Tisa

Sema nilikuwa na njaa. Ni kweli, njaa nilikuwa nayo. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, katika saiba moja ya kompyuta, Machakos mjini, taa zikiwaka na watu wamekaa. Huamini? Usiamini. Pesa zake nilizihesabu mara mbili, na dukani zilipokelewa.

Wakati huo nilikuwa nachimba dhahabu. Si ya ardhini. Ya mchezo wa kompyuta, ule wa mashujaa na majoka unaochezwa na watu wa nchi nyingi pamoja. Wanafunzi wa Nairobi walikuwa na pesa lakini hawakuwa na subira, kwa hivyo walinunua dhahabu kwangu. Wajinga walifukuza majoka. Joka moja linakumalizia dawa zote na nusu saa nzima, na saiba inatoza shilingi kwa dakika. Fanya hesabu. Mimi nilisimama darajani, karibu na mnunuzi wa ngozi, nikiua nguruwe. Nguruwe, ngozi, dhahabu. Nguruwe, ngozi, dhahabu. Aibu? Aibu hailipi kodi.

Jioni hiyo nilikuwa nimepungukiwa elfu tisa ili ninunue kompyuta yangu mwenyewe, kuukuu lakini nzima. Mwenye duka alishaniambia: akifunga bila kuniona, anampa mwingine.

Ndipo mzee mmoja akavuta kiti kando yangu. Koti refu, shuka begani, harufu ya vumbi lililonyeshewa.

"Nasikia wewe ndiye wa nguruwe," akasema, kwa Kikamba cha akina nyanya. "Nataka dhahabu yote."

Akatandaza shuka juu ya magoti yetu. Nikaelewa: bei ya soko la mbuzi, inayosemwa kwa vidole chini ya nguo ili jirani asijue. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyenifundisha: kidole kimoja, elfu moja. Akanikanya pia: kwanza msalimie mtu kwa mkono, hadharani, kisha uingize wa kulia. Lakini nilikuwa na nguruwe nusu hai. Nimwache? Wa kulia ukabaki kwenye kipanya, nikaingiza wa kushoto. Bila salamu.

Akaweka vidole kiganjani mwangu. Baridi. Vitano. Nikatikisa kichwa.

Sita.

Mkono wake mwingine ulikuwa mezani, naapa. Nikahesabu tena: sita. Ungekimbia? Kimbia wewe. Mtu aliyefika sita anaweza kufika saba.

"Ongeza," nikasema.

Saba. Nywele zikanisimama. "Mzee, huu si mnada wa kuku."

Nane. Akacheka chini chini. "Kijana wangu, vidole vyangu vimeisha."

"Basi nenda navyo."

Kisha nikahisi cha tisa: kifupi, chenye joto, tofauti na vile vingine. Nikahesabu tena. Tisa.

"Imeuzwa."

Kwenye skrini, darajani, alikuwa amesimama mtu asiye na jina juu ya kichwa. Nikamkabidhi dhahabu. Mzee akahesabu noti tisa mezani, akakunja shuka lake. Mwende, mwenye saiba, akamtoza shilingi tano za kukalia kiti. Alilipa bila kubishana, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nikagusa kibodi. Kidole changu kidogo cha kushoto hakikuhisi kitu. Aiya! Nikatoka mbio hadi barabarani.

"Mzee! Kidole changu!"

Sauti ikajibu kutoka katikati ya watu: "Ulihesabu?"

"Mara mbili!"

"Basi unalia nini?"

Kompyuta niliipata, duka likiwa linafungwa. Nguruwe niliwaua miaka mingi kwa vidole tisa. Hicho cha kumi kipo, kinaonekana, lakini hata nikikisogeza kwenye makaa ni kama cha mtu mwingine. Nilipomweleza Mzee Abdi, alikasirika. "Wa kushoto, tena bila salamu? Hiyo si biashara. Hiyo haijafungwa, bado unaweza kudai."

Kwa hivyo wewe unayesoma, msalimie mtu kwanza, umwone mikono yote miwili, hata kama nguruwe atatoroka. Na wewe mzee, kama unasoma, bado niko Machakos. Umesikia: soko halijafungwa. Njoo na kidole changu. Safari hii naanzia kumi.