Mashini yangu katika mfano wa mwalimu

Mashini yangu ya kushona ilipotea mwaka 1998, siku tulipokimbilia porini kwa hofu ya vita.

Leo nimeisikia ikitajwa katika somo la Kiingereza!

Nilikuwa nimepeleka mapazia shuleni, hapa Kamina. Mwalimu Ilunga, jirani yangu tangu zamani, alikuwa anafundisha kitenzi kigeni kwa darasa zima: "espy".

"Si kuona tu," akasema. "Ni kuona kitu kilicho mbali ao kilichofichwa, na unakitambua."

Nyinyi wa kundi hili mnamjua. Mifano yake yote huitoa katika maisha yake mwenyewe.

Akaandika sentensi ubaoni, akaitafsiri kwa sauti: "Wakati wa vita niliitambua kwa mbali mashini ya kushona ya jirani yangu chini ya turubai, juu ya bisikleti, kwenye njia ya Kaniama."

Mapazia yakanitoka mikononi.

"Mwalimu, jirani gani?"

Akageuka. "Ah, Mama Ngoie! Ile njo mufano tu, mama."

"Mufano iko na turubai?"

Wanafunzi wakacheka. Yeye akafuta ubao.

Mashini ile ilikuwa inalisha watoto watano. Nikashona kwa mkono miaka sita, naye akinisalimia kila asubuhi!

Mlioishi hapa wakati ule, semeni: nimekosea kumuuliza mbele ya darasa?

Na weye Mwalimu, najua unasoma hapa. Kama uliitambua mashini, mwenye bisikleti pia ulimtambua. Ni nani? Nataka jina lake kesho, kabla ya saa sita mchana.